Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (1944–1979): Maisha ya Mtunzi na Njia ya Wimbo Kutoka Ukumbini Hadi Kwenye Santuri

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mwimbaji, mtunzi na mpiga gitaa la solo, ambaye jina lake haliwezi kutenganishwa na historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania. Mengi yaliyosemwa juu yake yamejikita katika sifa za sauti yake na ufundi wa vidole vyake. Sifa hizo anastahili, lakini hazitoshi. Hoja yetu ni kwamba maisha ya msanii huyu yanaeleweka vyema zaidi tukiifuata kazi yenyewe: jinsi wimbo mpya ulivyotungwa, ulivyofanyiwa mazoezi, ulivyojaribiwa mbele ya wachezaji, ulivyorekodiwa, na hatimaye ulivyotolewa katika santuri. Njia hiyo ilikuwa ndefu, ilivuka mpaka wa nchi, na ndiyo iliyompeleka katika nchi ambako mauti yalimkuta akiwa na umri wa miaka 34.

Tumechagua kuitazama njia hiyo kwa kufuata reli ya kati. Sababu ni mbili. Kwanza, Morogoro, mji uliomlea Mbaraka kimuziki, ni mji wa reli. Pili, msikilizaji wake hakuwa mtu wa mjini peake. Baada ya Kilosa, reli hufuata bonde la mto Mkondoa, ikapita Kidete na Godegode hadi Gulwe, kituo kinachouhudumia mji wa Mpwapwa, kisha huendelea kwenda Dodoma, Tabora na Kigoma. Wimbo uliotungwa Morogoro ulikuwa na maana ya kitaifa pale tu ulipoweza kumfikia mtu wa Gulwe, ambaye pengine hakupata kuiona bendi ikipiga.

2.0 Mji, Reli na Jina la "Jazz"

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 huko Mzenga, katika wilaya ya Kisarawe. Mwaka huohuo wa 1944 ndipo Morogoro Jazz Band ilipoanzishwa. Kwa hiyo alipojiunga nayo mwaka 1965, alikuwa rika moja na bendi yenyewe.

Hapana budi kulieleza neno "jazz", kwa kuwa msomaji wa leo anaweza kupotoshwa nalo. Bendi nyingi za Tanganyika zililibeba jina hilo: Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na baadaye NUTA Jazz. Hata hivyo, muziki wao haukuwa jazz ya Wamarekani Weusi wa New Orleans au Chicago. Msingi wake ulikuwa rumba ya Kuba, iliyoletwa Afrika kwa santuri za G.V. tangu miaka ya 1930, ikachanganywa na mapigo na uimbaji wa wenyeji. Neno "jazz" lilikuwa nembo ya usasa: lilimaanisha bendi yenye magitaa, tarumbeta na saksafoni, inayopigia watu wanaocheza dansi ukumbini. Jambo linaloutofautisha muziki huu na jazz nyingi za vyombo vitupu ni uzito wa maneno. Wasikilizaji wake walitaka kucheza, lakini vilevile walitaka kuambiwa jambo.

Morogoro ilikuwa na mazingira mazuri ya muziki huo. Reli iliufikia mji huo mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, na mashamba ya mkonge yaliyoenea hadi Kimamba na Kilosa yaliwavuta wafanyakazi wa makabila mengi. Watu hao walikuwa na mishahara, hata kama ni midogo, na walikuwa na lugha moja ya kuelewana, yaani Kiswahili.

Mtu aliyeyatumia mazingira hayo kwanza ni Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, kiongozi wa Cuban Marimba Band ya Morogoro. Santuri zake zilizotolewa Mombasa kwa lebo ya Mzuri ziliufanya mji huo ujulikane Afrika Mashariki nzima. Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, mwaka uleule ambao Mbaraka aliingia Morogoro Jazz. Mji ukawa umempoteza mwimbaji wake mkuu wakati kijana wa miaka 21 akianza kazi katika bendi shindani. Ushindani wa bendi hizo mbili haukukoma kwa kifo hicho, kwani Juma Kilaza aliiendeleza Cuban Marimba. Lakini nafasi ya sauti ya Morogoro ilikuwa wazi, na Mbaraka ndiye aliyeijaza.

3.0 Matayarisho ya Wimbo

Katika bendi za dansi za wakati huo, wimbo haukuzaliwa studio. Mtunzi alikuja na maneno na sauti ya kuanzia. Katika mazoezi, gitaa la solo, la rithimu na la besi yalitafutiwa nafasi zao, kisha tarumbeta na saksafoni, ngoma, na waitikiaji. Baada ya hapo wimbo ulipigwa ukumbini. Hapo ndipo ulipopewa hukumu ya kweli: wachezaji wakisimama, ulirudishwa mazoezini au uliachwa, wakicheza, ulibaki. Kwa maana hiyo, hadhira ilikuwa mhariri wa kwanza wa matini.

Mbaraka alikuwa na faida ambayo waimbaji wengi hawakuwa nayo: aliimba na papo hapo alipiga gitaa la solo. Gitaa lake halikuandamana tu na maneno, bali liliyajibu. Penye pumzi ya mwimbaji, nyuzi zilichukua zamu. Jambo hili linamrahisishia mchambuzi kazi, kwa sababu anayetamka neno na anayelipa mwangwi wake ni mtu mmoja.

Mpangilio wa wimbo wa dansi pia unastahili kuangaliwa. Sehemu ya kwanza huenda polepole na hubeba kisa, maonyo au malalamiko. Sehemu ya pili huchangamka: maneno hupungua, kibwagizo hurudiwarudiwa, na vyombo hutawala. Mpangilio huu uliafikiana na santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ambayo kila upande wake ulichukua dakika chache tu. Mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa katika pande mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa nyuma. Msikilizaji wa nyumbani alilazimika kuinuka na kuigeuza santuri ili acheze. Bila shaka umbo hili lilimfunza mtunzi kubana kisa chake: kilichotakiwa kusemwa kilipaswa kusemwa kabla upande wa kwanza haujakwisha.

Aidha, wimbo ulipaswa kuwahi. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, katika maonyesho ya kimataifa ya Expo 70, na safari hiyo ikazaa wimbo uliobeba jina la maonyesho hayo. Tarehe 25 Desemba 1971, Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa na mkulima huko Isimani katika mgogoro uliohusu utekelezaji wa siasa ya ujamaa. Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Hapa mwimbaji alifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na malenga: kulitangaza tukio, kulipa hisia, na kulihifadhi katika kumbukumbu ya jamii. Alifanya hivyo akiwa upande wa taifa na viongozi wake. Lakini katika nyimbo zake nyingine, ukiwamo "Shida", ambao ni miongoni mwa zile zilizompa umaarufu mkubwa kabisa, macho yake yaliigeukia dhiki ya mtu wa kawaida. Mchambuzi anayemwita mwimbaji wa serikali tu, au mwimbaji wa wanyonge tu, atakuwa amesikiliza upande mmoja wa santuri.

4.0 Redio, Santuri na Msikilizaji wa Gulwe

Baada ya ukumbi, wimbo ulikuwa na njia mbili za kutoka. Ya kwanza ilikuwa redio. Mwaka 1965 shirika la utangazaji lilifanywa idara ya serikali, likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi nyimbo zao katika studio ya redio, zikipiga kwa pamoja kama ukumbini, na kanda zikabaki maktaba kwa ajili ya matangazo. Njia hii ilimfikisha mwimbaji kila mahali, lakini haikumpa kitu cha kuuza.

Njia ya pili ilikuwa santuri. Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Kiwanda kilikuwa Nairobi, na nyimbo za Mbaraka zilitolewa huko kwa lebo ya Polydor. Kwa hiyo msanii aliyesifiwa kuwa sauti ya Watanzania alitegemea mji mkuu wa nchi jirani ili kazi yake ishikike mkononi na kununuliwa dukani.

Tumtazame sasa msikilizaji wa Gulwe. Yeye hakuwa mtu asiye na muziki. Wagogo wana uimbaji wa sauti nyingi unaowashangaza wataalamu wa muziki duniani. Wana zeze na ilimba. Wanawake wao hupiga ngoma za muheme. Kutokana na hazina hiyohiyo alitokea Hukwe Zawose, ambaye baadaye aliifikisha sauti ya Ugogo Ulaya na Marekani. Muziki wa dansi, basi, haukuja Ugogo kujaza pengo. Uliongeza jambo jingine: mazungumzo katika Kiswahili juu ya mapenzi, fedha, safari na misiba ya nchi, baina ya watu wasiofahamiana. Jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee katika miaka ya 1970. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Uwanda wa kati ulikuwa ukivutwa kwa haraka katika maisha ya taifa, na wimbo wa redio ulikuwa miongoni mwa sauti za kwanza za taifa hilo kuingia nyumbani mwa mtu bila kumwamrisha.

5.0 Super Volcano na Mpaka

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz akaunda Orchestra Super Volcano. Kiini cha uamuzi wa namna hii ni suala la vyombo na jina. Katika bendi nyingi za wakati huo, mwanamuziki hakuwa na gitaa lake mwenyewe. Vyombo vilikuwa mali ya chama, taasisi au mfadhili, na aliyeondoka aliondoka mikono mitupu. Kuunda bendi yake kulimpa Mbaraka uhuru wa kuamua nini kipigwe na lini kirekodiwe. Lakini uhuru huo uliambatana na gharama: mazoezi, safari na riziki za wenzake sasa vilitegemea mapato ya kumbi na santuri.

Mapato ya santuri yalikuwa ng'ambo ya mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwezi Februari mwaka huo Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Mpaka haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa watunga sera lilikuwa suala la mali na madeni ya Jumuiya. Kwa mwanamuziki, lilikuwa suala la kutengwa na kiwanda chake na sehemu kubwa ya wanunuzi wake. Mbaraka aliendelea kufanya kazi Kenya. Mwezi Januari 1979 alipata ajali ya gari mjini Mombasa akafariki dunia. Nchi yake wakati huo ilikuwa vitani na majeshi ya Idi Amin. Kama Salum Abdallah miaka 14 kabla yake, sauti ya pili ya Morogoro nayo ilizimwa barabarani.

Baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa Nairobi katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Yafaa kuzingatia jambo hili: nyimbo alizozitoa moja moja zilikuja kuwa mikusanyo baada ya yeye kuwa kaburini, na mpangilio wa mikusanyo hiyo haukuwa wake.

6.0 Hitimisho

Maisha haya yana mafunzo mawili kwa mtafiti wa fasihi ya Kiswahili. La kwanza linahusu matini. Nyimbo za dansi zina hadhi ya fasihi, lakini wimbo uliopigwa ukumbini, uliorekodiwa redioni na uliochapwa Nairobi si lazima uwe matini moja. Anayechambua hana budi kusema ni rekodi ipi aliyoisikiliza, kwa kuwa urefu wa santuri na utaratibu wa studio viliweza kukata au kurefusha usemi wa mtunzi.

La pili linahusu haki. Mbaraka alifanya kazi chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1966, ambayo haikuwa na chombo cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na kuundwa kwa COSOTA vilikuja miaka 20 baada ya kifo chake. Tunapomsifu kuwa mlezi wa lugha, tukumbuke kwamba lugha hiyo iliwafikia watu wa Gulwe kupitia mawimbi ambayo hayakumlisha mwimbaji, na kwamba ili alishwe na kazi yake ilimbidi aufuate wimbo wake nje ya nchi.