TUMKUMBUKE BWANA AFYA TOM MBOYA

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kwa wale wanaosema kuwa watumishi wa serikali wamezidi na vyama vyao vina nguvu mno.

Marehemu Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa mnyapara wa shamba la mkonge. Mwaka 1951 alikuwa bwana afya wa Baraza la Jiji la Nairobi. Wazungu wa kazi hiyo hiyo walilipwa zaidi. Siku moja mama wa Kizungu alileta maziwa yapimwe, akauliza kama hakuna mtu ofisini, naye Mboya amesimama mbele yake.

Mwaka 1952 alianzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1955 alisaidia kusuluhisha mgomo wa bandari ya Mombasa.

Alipokuwa Waziri wa Kazi mwaka 1962, hakuvivunja vyama, wala hakuviachia vigome ovyo. Serikali, waajiri na wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa kutanguliza mazungumzo. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai, 1969.

Ni kweli mshahara wa mtumishi hutoka jashoni mwa mkulima, na viongozi wa vyama wasilisahau hilo. Lakini tukiviua vyama, nani atamsemea mtumishi mdogo anayeonekana si mtu?

Msomaji wako,
Nairobi.