Kabla ya simba Elsa, Joy Adamson alichora mavazi ya nyanya wa Kenya

WENGI humkumbuka Joy Adamson kwa sababu ya simba. Kitabu chake kuhusu Elsa, simba jike aliyemlea tangu akiwa mchanga kisha akamrejesha mwituni, kilichapishwa mwaka wa 1960 na kutafsiriwa kwa lugha nyingi, na filamu iliyotokana nacho ikaanza kuonyeshwa kote duniani mwaka wa 1966.

Hata hivyo, kwa fundi wa cherehani mjini Eldoret anayeombwa na bibi harusi amshonee vazi la koito linalofanana na lile la nyanya yake, habari za simba hazina faida. Koito ni sherehe ya Wakalenjin ambapo familia mbili hukutana kukubaliana kuhusu mahari, na katika miaka ya karibuni imekuwa jukwaa la mavazi ya rangi ya ngozi yaliyotariziwa shanga na kauri. Swali linalomkabili fundi ni moja: nyanya walivaa nini hasa? Ngozi huoza na uzi wa shanga hukatika. Kilichobaki, mbali na kumbukumbu za vikongwe na picha chache za kamera zisizo na rangi, ni kazi aliyoifanya mwanamke huyo kabla Elsa hajazaliwa.

Alizaliwa Januari 20, 1910, akapewa jina Friederike Viktoria Gessner. Mji aliozaliwa uliitwa Troppau na ulikuwa sehemu ya himaya ya Austria na Hungary. Leo unaitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walipotengana, alipelekwa Vienna kuishi na nyanya yake.

Huko Vienna hakutulia katika fani moja. Alisomea piano hadi akafaulu mtihani wa serikali, akasomea uchongaji wa sanamu, na baadaye akaanza kujiandaa kwa masomo ya udaktari, ambayo hakuyakamilisha. Katikati ya hayo yote alisomea ushonaji wa nguo na kuhitimu. Wanaosimulia maisha yake huipita hatua hiyo kwa sentensi moja, pengine kwa kuona kwamba cherehani haina uzito mbele ya simba. Hilo ni kosa. Aliyefundishwa kukata kitambaa haitazami nguo kama anavyoitazama mpita njia. Huona mshono ulipo, upindo unavyoanguka, na kitu kinachoushikilia mkufu begani.

Alifika Kenya mwaka wa 1937, akiwa ameolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara wa Austria aliyekuwa akitafuta mahali pa kuhamia huku kivuli cha Wanazi kikizidi kutanda juu ya nchi yake. Ndoa hiyo haikudumu. Safarini melini alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na mwaka wa 1938 wakaoana. Bally ndiye aliyembandika jina la Joy, yaani Furaha, na ndiye aliyemtia moyo achore maua ya porini aliyokuwa akiyachunguza. Kazi hiyo ilimletea nishani ya dhahabu ya Grenfell kutoka Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza mwaka wa 1947.

Wakati huo ndoa ya pili nayo ilikuwa imevunjika. Mwaka wa 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori katika maeneo ya kaskazini. Kambi za kaskazini zilimkutanisha na watu ambao mavazi yao hayakuwa yameguswa sana na duka la Mhindi wala shule ya misheni. Akaanza kuwachora, na alipopata nafasi ya kwenda London alijiunga na chuo cha sanaa cha Slade ili kuunoa mkono wake.

Mnamo 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi yao ya asili kabla mavazi hayo hayajatoweka. Kuna kinaya hapa ambacho hakifai kufichwa. Utawala uliolipia picha ndio uleule ambao kodi, mashamba ya walowezi na shule zake vilikuwa vikiyafuta mavazi hayo. Eldoret yenyewe ni mfano. Mji huo ulizaliwa katika ardhi ya Wanandi baada ya Makaburu kuwasili kutoka Afrika Kusini mwaka wa 1908, na reli ilipoufikia mwaka wa 1924, mablanketi na vitambaa vya pamba viliingia kwa urahisi zaidi. Baada ya kizazi kimoja tu, msichana aliyevaa ngozi siku ya Jumapili alihesabiwa kuwa hajastaarabika.

Kwa miaka kadhaa Bi Adamson alizunguka nchi na masanduku yake ya rangi za maji, kuanzia pwani hadi Ziwa Victoria, na kutoka nyanda za juu za Bonde la Ufa hadi jangwa la kaskazini. Miongoni mwa aliowachora ni Wanandi, Wakeiyo, Wamarakwet na Wapokot, majirani wa Eldoret. Aliwaketisha wazee, mashujaa, maharusi na wasichana waliotoka jandoni, akawachora mmoja mmoja. Zilipatikana mamia ya picha, na sehemu yake ilichapishwa mwaka wa 1967 katika kitabu chake kuhusu watu wa Kenya. Nyingi zilihifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, na nyingine zikatundikwa katika Ikulu.

Anayezitazama kwa jicho la mshonaji hupata mengi. Hupata ngozi laini ya mbuzi iliyopindwa ukingoni na kufuatishwa mistari ya shanga, mikufu mipana ya wanawake wa Kipokot inayofunika mabega kama kola, na waya wa shaba uliozungushwa mkononi hadi karibu na kiwiko. Huona ndewe zilizopanuliwa zikabeba vipuli vizito, na hando, sketi nyeupe ya marinda mengi ya wanawake wa Kimijikenda, ambayo hadi sasa hakuna mbunifu aliyeitendea haki ipasavyo. Muhimu zaidi ni rangi. Kamera za wakati huo zilitoa zaidi picha nyeusi na nyeupe, na shanga nyekundu ikionekana ya kijivu, haimwambii fundi kitu.

Shanga zenyewe zina kisa cha kushangaza. Nyingi kati ya zile zilizovaliwa Afrika Mashariki katika karne ya 20 zilitengenezwa Bohemia, katika viwanda vya vioo vya Jablonec, ndani ya nchi ileile ambayo leo una mji alikozaliwa mchoraji. Zilivuka bahari, zikapita madukani, zikaingia mikononi mwa wanawake waliozipanga kwa kanuni zao wenyewe za rangi, na mwishowe zikamrudia machoni binti wa nchi jirani na kiwanda. Kwa hivyo anayedai kuwa vazi la asili halikuwahi kuchanganyika na la ugenini hajalichunguza kwa makini.

Picha hizo zina kasoro zake. Hazikuwa za maisha ya kila siku. Katika baadhi ya sehemu mapambo yalikuwa yamekwisha kuwekwa kando, ikabidi yatafutwe ndipo mtu avishwe na kuketishwa. Aidha, maelezo ya picha nyingi hutaja kabila na hadhi ya aliyechorwa, si jina lake. Waliobuni mistari ile ya shanga, ambao wengi wao walikuwa wanawake, hawatambuliki, ilhali jina la mchoraji liko kwenye kila ukurasa. Hili linapaswa kumsumbua yeyote anayeiga leo na kuuza.

Na walioiga ni wengi. Mnamo Januari 1997, mbunifu John Galliano aliwasilisha maonyesho yake ya kwanza ya mavazi ya kifahari katika jumba la Dior jijini Paris, akichanganya mikufu ya shanga iliyofanana na ya Wamaasai na magauni ya mtindo wa Ulaya ya mwanzoni mwa karne ya 20. Ulimwengu wa mitindo ulishangilia. Kenya yenyewe ilijaribu kusaka vazi la taifa mwaka wa 2004, kwa shughuli iliyotangazwa sana, lakini vazi lililopendekezwa halikukubalika mitaani. Lilibuniwa kwa ajili ya kila mtu, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyeliona kuwa lake. Vazi la koito halikuagizwa na kamati. Lilitokana na mabinti waliotaka kufanana na nyanya zao kwa siku moja.

Eldoret ina sababu nyingine ya kulijali jambo hili. Ni mji wa nguo. Kiwanda cha Rivatex, kilichojengwa katika miaka ya 1970 na baadaye kikafilisika, kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, kikazinduliwa upya na Rais Uhuru Kenyatta mwaka wa 2019 kikiwa na mitambo mipya. Chuo hicho kimefundisha uhandisi wa nguo kwa miaka mingi. Pamba, mitambo na ujuzi vikikutana na michoro ya mistari ya shanga ya Nandi au Marakwet, kitambaa kinaweza kuchapishwa hapohapo badala ya kusubiri kitenge kutoka ng'ambo.

Bi Adamson hakuishi kuona lolote kati ya hayo. Aliuawa Januari 3, 1980, katika Hifadhi ya Shaba, Isiolo, siku chache kabla ya kutimiza umri wa miaka 70. Mwanzoni ilidhaniwa ameshambuliwa na simba, lakini uchunguzi ulionyesha kuwa majeraha yalitokana na silaha, na aliyewahi kuwa mfanyakazi wake akapatikana na hatia. Majivu yake yalizikwa katika Mbuga ya Meru.

Alikuwa mtu mgumu kuishi naye, kwa ushahidi wa wengi waliomfahamu, na ndoa yake ya tatu nayo iliishia katika makazi mawili tofauti. Lakini mkono wake ulikuwa mwaminifu kwa kile ulichokiona. Tatizo la mafundi wa leo ni kile ambacho haukukichora: watu wake karibu wote wameketi au kusimama wakimtazama mchoraji, na mgongo wa nguo hauonekani. Jinsi ngozi ilivyofungwa nyuma, na jinsi ilivyoangukia miguuni, hujulikana tu kwa kumwuliza ajuza aliyeivaa, au aliyemwona mamake akiivaa. Akina mama hao wamebaki wachache.