Don Pringle, Mrushaji wa Kriketi wa Nairobi

Muhula huu nimeonelea niwaandikie habari za mtu ambaye wengi wenu hamkupata kumsikia. Hapa Ushirombo mpira tuujuao ni wa miguu na wa pete, na kriketi hatuichezi. Mimi mwenyewe nilidhani ni mchezo wa wazee wasiopenda kukimbia. Nimejuta kwa kudhani hivyo.

Don Pringle alizaliwa Prestwich, karibu na Manchester, Uingereza, tarehe 1 Mei 1932. Akaja Kenya akakaa Nairobi, na huko ndiko alikozaliwa mwanawe Derek mwaka 1958. Nchini Kenya mchezo huu ulikwisha kuwa na historia yake, maana tangu mwaka 1910 maofisa wa serikali walikuwa wakipambana na walowezi, na baadaye Wazungu wakashindana na Waasia. Pringle aliichezea Kenya, kisha akaichezea Afrika Mashariki.

Kazi yake ilikuwa kurusha mpira. Ili mnielewe, mrushaji huja mbio, hunyosha mkono juu ya kichwa bila kuukunja kiwiko, na kuuachia mpira mgumu wa ngozi udunde mbele ya mpigaji aliye umbali wa mita 20 hivi. Nyuma ya mpigaji vimesimama vijiti vitatu, vikiangushwa, ametoka. Basi mrushaji mrefu ana faida kubwa, kwa kuwa mpira watoka juu na hudunda kwa kuruka. Pringle hakuwa wa mbio kali sana. Kasi yake ilikuwa ya wastani, nayo yataka akili kuliko nguvu.

Mwaka 1975 likachezwa Kombe la Dunia la kwanza, huko Uingereza. Timu ya Afrika Mashariki ilikusanya watu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, chini ya nahodha Harilal Shah. Sisi tulitoa, miongoni mwa wengine, Praful Mehta, mdaka mpira nyuma ya vijiti. Pringle alikuwa na miaka 43, umri ambao warushaji wengi wa kasi wamekwisha kaa pembeni kutazama.

Tarehe 11 Juni, mjini Leeds, timu yetu ilipata mikimbio 120 tu, na Wahindi wakaipita bila kutoka hata mpigaji mmoja. Siku tatu baadaye, mjini Birmingham, Pringle akasimama kuwarushia watu wa nchi aliyozaliwa. Waingereza walipata 290, yetu ikaishia 94. Watu husoma hesabu hizo wakacheka. Lakini nilipoangalia jedwali vizuri niliona kwamba Pringle alirusha ova zake zote 12, yaani mipira 72, akatoa mikimbio 41, michache kuliko wenzake wawili waliomaliza ova 12. Hakumtoa mtu katika mashindano yale, nami sioni aibu hapo.

Akarudi Nairobi, wala hakuacha kucheza. Tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule alishuka uwanjani akawatoa wapigaji 6 kwa mikimbio 16 tu. Hiyo ni kazi ya kijana, si ya mzee. Alipokuwa akirudi kutoka mchezoni, gari likapata ajali, naye akafa. Sisi tunaoishi kando ya barabara hii ya malori yaendayo Rwanda tunajua jinsi habari ya namna hiyo ifikavyo nyumbani: watu wamengoja chakula, na mlangoni anasimama mtu mwingine.

Derek alikuwa ametimiza miaka 17 mwezi uliotangulia, umri wa baadhi yetu tulio madarasani humu. Alikuwa akisoma shule ya Felsted, Uingereza. Hakuutupa mpira. Naye alikuwa mrefu, kupita futi 6, na alirusha kwa kasi ya wastani kama baba yake. Mwaka 1978 akaanza kuchezea jimbo la Essex, na mwaka 1982, angali mwanafunzi wa Cambridge, akachaguliwa timu ya Uingereza. Tarehe 25 Machi 1992, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Melbourne, aliwatoa Wapakistani 3 kwa mikimbio 22. Uingereza ilishindwa siku ile.