Madam C.J. Walker: Hakuvumbua chanuo la moto, alifundisha kutunza nywele

JINA la Madam C.J. Walker, mfanyabiashara Mweusi wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1919, hutajwa mara kwa mara kuwa ndilo la mvumbuzi wa chanuo la moto, chombo kinachotumika kuchoma nywele ili zinyooke.

Sifa hiyo si yake. Msusi Mfaransa Marcel Grateau alijipatia umaarufu jijini Paris katika miaka ya 1870 kwa kutia nywele mawimbi kwa koleo la moto, wakati Walker akiwa bado mtoto mdogo. Alichokifanya mwanamama huyo ni kikubwa zaidi ya kubuni chombo.

Alizaliwa Desemba 23, 1867, katika kijiji cha Delta, jimbo la Louisiana, akaitwa Sarah Breedlove. Wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa watumwa katika shamba la pamba, naye alikuwa wa kwanza katika familia hiyo kuzaliwa huru.

Uhuru huo haukuja na neema. Alipofikisha umri wa miaka saba alikuwa yatima. Akiwa na miaka 14 aliolewa na Moses McWilliams, na mwaka 1885 wakajaliwa binti, Lelia. Miaka miwili baadaye mumewe alifariki dunia.

Mjane huyo kijana alihamia St. Louis, walikokuwa kaka zake waliokuwa vinyozi. Huko alifua nguo za watu kwa ujira mdogo huku akimsomesha binti yake.

Nywele zilivyomtoka

Katika miaka ya 1890 nywele zake zilianza kunyonyoka. Hakuwa peke yake. Nyumba nyingi za maskini hazikuwa na maji ya bomba, nywele zilioshwa kwa nadra, na sabuni zilikuwa kali mno. Mba na vidonda vya ngozi ya kichwa vilikuwa maradhi ya kawaida.

Alianza kuuza dawa za nywele za Annie Turnbo, mjasiriamali mwingine Mweusi, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Malone. Mwaka 1905 alihamia Denver, na mwaka uliofuata akaolewa na Charles Joseph Walker, muuza matangazo ya magazeti. Hapo ndipo alipochukua jina lililomtangaza, akaanza kuuza mafuta yake mwenyewe yaliyokuwa na salfa.

Utaratibu aliouneza ulikuwa na mpangilio: kuosha kichwa, kutibu ngozi, kupaka mafuta, na ndipo chanuo lililopashwa moto lipite. Mwenyewe alipinga kuitwa mnyoosha nywele, akisisitiza kwamba kazi yake ilikuwa kuzikuza na kuzipa afya.

Hatari ya maji na moto

Mpangilio huo una maana hadi leo kwa wanaochoma nywele nyumbani kwa pasi ya umeme. Kanuni ya kazi hiyo ni kwamba nywele zikauke kabisa kabla ya kuguswa na chuma.

Unywele uliolowa huwa na maji ndani yake. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, nacho chuma cha kunyoosha hupita kiwango hicho kwa mbali. Maji yakigeuka mvuke ghafla, hutengeneza vipovu ndani ya unywele na kuupasua. Mlio wa kuchemka unaosikika wakati huo ni dalili ya madhara.

Unywele uliopasuka hivyo hauponi. Hukatika, na dawa yake ni kusubiri mwingine uote. Mvuke huo pia huweza kuunguza ngozi ya kichwa. Kwa mwanamke ambaye nywele zake zilikwisha dhoofishwa na sabuni kali, pupa ya dakika chache ingeweza kumgharimu miezi mingi.

Kutoka saluni hadi Ikulu

Mwaka 1908 Walker alianzisha chuo cha ususi Pittsburgh, akakiita kwa jina la binti yake. Mwaka 1910 alihamishia makao yake Indianapolis, akajenga kiwanda. Maelfu ya wanawake Weusi, ambao wengi wao wasingepata kazi zaidi ya kufua au kupika kwenye nyumba za watu, wakawa mawakala wake.

Hakukosa wapinzani. Baadhi ya viongozi Weusi waliona kunyoosha nywele ni kuiga Wazungu. Mwaka 1912, katika mkutano wa wafanyabiashara Weusi jijini Chicago, kiongozi wao Booker T. Washington hakumpa nafasi ya kuzungumza. Walker alisimama, akajieleza bila kualikwa. Mwaka uliofuata alirudi akiwa mzungumzaji mwalikwa.

Mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wake Philadelphia. Mwaka huohuo, baada ya Weusi kuuawa katika ghasia za East St. Louis, alikuwa miongoni mwa wajumbe waliokwenda Ikulu ya Marekani kudai sheria dhidi ya mauaji ya makundi.

Alifariki dunia Mei 25, 1919, katika jumba lake la Villa Lewaro, jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 51. Figo zake zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi kutokana na shinikizo la damu. Huitwa milionea, ingawa mali yake ilikadiriwa kuwa takriban dola 600,000. Wosia wake uliagiza sehemu kubwa ya faida ya kampuni iende kwa misaada.

Mwaka 1998 Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Chanuo la moto lilikuwapo kabla ya Walker. Yeye aliwafundisha wanawake kuanza na afya ya kichwa kabla ya moto, na kwa kazi hiyo wakapata riziki.