Greenwood: Bingwa aliyewapa fulu majina kabla ya mbuta kulitawala ziwa

WAKAZI wakongwe wa Kombewa na vijiji vingine vya Seme hawahitaji kufunzwa fulu ni samaki gani. Ni wale samaki wadogo, wengi wao wasiozidi urefu wa kiganja, waliokuwa wakianikwa juani na kupikwa karibu katika kila boma lililo kando ya Ziwa Victoria. Kijana wa leo anaujua zaidi mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayokaangwa na kuuzwa baada ya minofu kupelekwa viwandani.

Hakuna mtu aliyewatambulisha fulu hao kwa ulimwengu wa sayansi kumshinda Peter Humphry Greenwood, aliyefariki Machi 1995. Aliwapima, akawachora na kuwapa majina wakati ziwa lilipokuwa bado limefurika samaki hao. Aidha, ni yeye aliyeonyesha, kwa kutumia samaki waliolelewa katika matangi, kwamba kumweka kiumbe hai si sawa na kumhifadhi jinsi alivyo.

Greenwood alizaliwa Aprili 21, 1927 mjini Redruth, katika eneo la Cornwall nchini Uingereza, lakini alikulia Afrika Kusini. Alitumika katika jeshi la wanamaji Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikielekea ukingoni, kisha akasomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand jijini Johannesburg.

Mnamo 1950 alifika Jinja, Uganda, kulikokuwa na makao ya shirika la utafiti wa samaki la Afrika Mashariki. Shirika hilo liliundwa 1947 kuhudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakubwa wa serikali za kikoloni walihangaikia zaidi ngege, samaki aliyekuwa na soko, ambaye idadi yake ilikuwa imepungua kutokana na nyavu. Fulu walichukuliwa kuwa dagaa wasio na thamani. Kijana huyo aliamua kuwashughulikia.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Kwa macho ya kawaida, fulu walioopolewa kwa wavu mmoja hufanana kama punje za mtama. Greenwood aliwafungua vinywa, akahesabu meno, akapima mifupa na kupasua matumbo ili ajue kila mmoja alikuwa amekula nini. Rangi zao nazo aliziandika wakiwa wangali wabichi, kwa kuwa samaki akishatiwa ndani ya chupa ya dawa hupauka na kubaki wa kijivu.

Alichokiona kiliwashangaza wengi. Ndani ya ziwa moja mlikuwa na fulu wa kila kazi. Baadhi yao walikwangua mwani kwenye mawe, wengine walikula wadudu, wengine waliwinda samaki wenzao na wengine walivunja magamba ya konokono. Walikuwako hata walioishi kwa kuwapora wengine vifaranga. Fulu jike hutamia mayai kinywani na huendelea kuwabeba humo watoto wake wachanga. Wezi hao wamejaliwa vinywa vinavyowawezesha kuwala mayai na watoto hao.

Sehemu ya kwanza ya uchambuzi wake wa fulu wa Ziwa Victoria ilichapishwa 1956, na nyingine zikafuata hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo alikuwa ameshahamia London, katika makavazi ya taifa ya elimu ya viumbe, alikofanya kazi kwa takriban miongo mitatu. Kitabu chake kuhusu samaki wa Uganda kilikuwa rafiki wa kila afisa wa uvuvi katika kanda hii.

Mnamo 1965 alitoa taarifa fupi iliyomhusu samaki mmoja tu, Astatoreochromis alluaudi, ambaye jina lake linamkumbuka msafiri Mfaransa Charles Alluaud. Samaki huyu ana taya za pili zilizofichika kooni. Katika Ziwa Victoria, ambako konokono ni chakula chake kikuu, taya hizo ni nene, zina misuli mikubwa na meno bapa yanayofanana na magego.

Greenwood alichunguza samaki wa asili hiyo hiyo waliolelewa katika matangi kwa vyakula laini, bila konokono. Wazazi wao walikuwa wavunja magamba hodari, lakini watoto walikua na taya za kooni zilizo nyembamba na meno madogo yaliyochongoka. Damu haikuwa imebadilika, ila chakula.

Matokeo hayo yalikuwa mwiba kwa wataalamu wenzake, na kwake mwenyewe pia. Mfupa uliokuwa ukitegemewa kutofautisha samaki wa ziwa moja na wa ziwa jingine ulikuwa umebadilishwa na malezi katika kizazi kimoja tu. Ilimaanisha kwamba mtu hawezi kumjua kiumbe kwa kuutazama mfupa pekee, bila kuuliza aliishi wapi na alikula nini.

Jambo hilo halikuishia katika vitabu. Kwa vijiji vya ufuo wa Kisumu, konokono ni suala la afya, kwa kuwa wapo wanaobeba vimelea vya kichocho, maradhi yanayowasumbua wavuvi, akina mama wafuao ziwani na watoto waogeleao. Wataalamu waliona kuwa samaki mvunja konokono angekuwa tiba ya bei nafuu. Katika miaka ya 1970 alijaribiwa kwenye mabwawa ya magharibi mwa Kenya, na baadaye alipelekwa hadi kwenye vidimbwi vya Cameroon.

Huko Cameroon matumaini yalififia. Samaki hao walipopata vyakula vingine vilivyo laini hawakujisumbua na magamba magumu, na konokono hawakuangamia. Waliosoma taarifa ya 1965 hawakuwa na sababu ya kushangaa.

Mwaka huo huo wa 1965 Greenwood alieleza habari za Ziwa Nabugabo nchini Uganda, ambalo lilitengwa na Ziwa Victoria kwa ukingo wa mchanga yapata miaka 4,000 iliyopita. Humo aliwatambua fulu wa aina tano wasiopatikana kwingine kokote. Kwa kipimo cha maumbile, muda huo ni kama kufumba na kufumbua. Kitabu alichokitoa 1974 kuhusu fulu wa Ziwa Victoria kiliwafanya wasomi wa kila bara walitazame ziwa hilo kama darasa la jinsi viumbe wapya wanavyotokea.

Heshima zilimfuata. Katika miaka ya 1970 alikuwa rais wa chama cha kisayansi cha Linnean jijini London, na 1985 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Hata hivyo, si kila alilolitenda lililokubalika. Kati ya 1979 na 1980 aliligawanya kundi kubwa la Haplochromis kuwa makundi mengi madogo yenye majina mapya, na hadi leo wapo wataalamu wanaoshikilia jina la zamani.

Wakati wasomi wakibishana kuhusu majina, wenye majina walikuwa wakitoweka. Mwingereza Michael Graham, aliyeongoza uchunguzi wa uvuvi ziwani humu kati ya 1927 na 1928, alikuwa ameonya kwamba kuleta samaki mkubwa mlaji kutoka kwingine ni hatari kubwa. Onyo hilo halikuzuia mbuta kuingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na ya 1960.

Kwa miaka kadhaa hapakuonekana mabadiliko makubwa. Uchunguzi uliofanywa na meli za kukokota nyavu kati ya 1969 na 1971 ulionyesha kuwa fulu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki walionaswa karibu na sakafu ya ziwa. Miaka kumi baadaye mbuta walifurika, kwanza katika Ghuba ya Winam, kisha Uganda na Tanzania. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 za fulu zilitoweka au zikakaribia kutoweka. Mbuta alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni, lakini kwa fulu alikuwa kiama.

Hapo ndipo matangi yalipogeuka kuwa safina. Watafiti Waholanzi waliokuwa Mwanza walipeleka fulu hai katika maabara ya Leiden. Mapema katika miaka ya 1990 vituo vya kuhifadhi samaki nchini Marekani vilianzisha mpango wa kuwazalisha, na wafugaji wa nyumbani wakashiriki. Miongoni mwa waliookolewa ni Haplochromis ishmaeli, mvunja konokono aliyewahi kuorodheshwa kuwa ametoweka ziwani na kusalia kwa wafugaji tu.

Lakini anayefuga mvunja konokono kwa chakula laini ataokoa uzao wake, huku taya zilizompa sifa hiyo zikinyong'onyea. Tena akichanganya aina mbili katika tangi moja, aweza kuzipoteza zote mbili. Majaribio ya matangini yaliyotangazwa katika miaka ya 1990 yalionyesha kuwa majike huwatambua madume wa aina yao kwa rangi. Mwanga unaoficha rangi unapotumika, hupandana ovyo. Ziwani, uchafu na udongo unaomomonyoka kutoka mashambani hufanya maji yawe na tope, na matokeo huwa yale yale.

Greenwood aliaga dunia Machi 3, 1995, akiwa na umri wa miaka 67. Mwaka uliofuata, watafiti waliochimba matope ya sakafu ya ziwa walitangaza kuwa Ziwa Victoria liliwahi kukauka, jambo linalokadiriwa kutokea takriban miaka 15,000 iliyopita. Ikiwa ndivyo, mamia ya aina za fulu zilichipuka kwa kasi ambayo ni vigumu kuifananisha na nyingine. Mnamo 1998 fulu mmoja mkwangua mwani wa Mwanza alipewa jina la greenwoodi.

Labda kumbukumbu iliyo bora zaidi iko karibu na Kombewa, katika kaunti jirani ya Siaya. Mnamo 1966 Greenwood alimpa fulu mmoja mla mimea jina la phytophagus. Ziwani Victoria samaki huyo alikuja kuadimika mno, lakini watafiti walimkuta akiishi katika Ziwa Kanyaboli, ambalo mafunjo ya kinamasi cha Yala yamelikinga dhidi ya mbuta. Ngege wa asili naye yumo humo.

Kanyaboli halihitaji pampu ya hewa, chujio wala mtu wa kubadilisha maji. Linahitaji kinamasi chake kisikaushwe chote kwa ajili ya kilimo. Humo fulu angali anakula chakula chake cha asili, katika maji yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo angali ni yule yule aliyepewa jina mwaka 1966.