Sheikh Al-Amin Mazrui: Mchapishaji wa gazeti aliyeokoa historia ya Mombasa

UKITAJA jina la Mazrui leo, wasomaji wengi wa Afrika Mashariki watamkumbuka Profesa Ali Mazrui, mwanazuoni wa siasa aliyefariki dunia mwaka 2014. Wachache wanajua kwamba baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ndiye aliyeanzisha magazeti ya kwanza ya Kiislamu kwa lugha ya Kiswahili mjini Mombasa, na kwamba mzee huyo huyo ndiye aliyekusanya na kuandika historia ya ukoo wake na mji wake wakati ambapo habari hizo zilikuwa zikipotea.

Kwa msomaji wa kurasa za biashara na kilimo, maisha ya kadhi na mwalimu wa dini yanaweza kuonekana kuwa mbali na bei ya mahindi au soko la ng'ombe. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya aliyoyaandika na kuyatunza inahusu ardhi: nani aliimiliki, aliipataje na aliipotezaje.

Alikotoka

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa miongoni mwa wanazuoni mashuhuri wa pwani. Aliwahi kufungwa Zanzibar katika utawala wa Sultani Barghash kwa sababu ya mafundisho yake, akaachiwa baada ya sultani huyo kufariki mwaka 1888. Mwenyewe alifariki mwaka 1894, Al-Amin akiwa bado mtoto mdogo.

Kijana huyo alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa kadhi. Baadaye alivuka bahari kwenda Zanzibar kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, wanazuoni waliokuwa na wanafunzi kutoka kila pembe ya pwani. Alisoma pia jarida la Al-Manar lililochapishwa Cairo na Muhammad Rashid Rida. Katika jarida hilo aliona jinsi karatasi chache zinavyoweza kuzungumza na watu wengi kuliko darasa la msikitini.

Mji aliokulia ulikuwa ukibadilika haraka. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianzia Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Victoria. Bandari ya Kilindini ikapanuka, na wafanyabiashara na vibarua wakamiminika kutoka bara na ng'ambo. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya. Ilikuwa haki iliyochelewa mno kwa watu waliolimishwa bila ujira. Kwa wenye mashamba makubwa ya minazi na nafaka, hatua hiyo ilimaanisha kwamba shamba sasa lilihitaji mtaji na mishahara, na wengi wao hawakuwa nayo.

Kilichofuata kinaeleweka kwa mchumi yeyote. Mwenye shamba asiye na fedha aliweka rehani, akashindwa kulipa, kisha akauza. Wengine waliuza kwa sababu bei ya viwanja ilipanda, na fedha hizo zikaishia kwenye matumizi ya siku chache.

Gazeti la kurasa chache

Hali hiyo ndiyo iliyomfanya Sheikh Al-Amin aanzishe gazeti. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Uchaguzi huo wa herufi ulikuwa na maana ya kibiashara pia. Watu wengi wa pwani waliosoma chuoni walijua herufi za Kiarabu lakini hawakuzijua za Kirumi, hivyo gazeti liliwafikia wasomaji ambao magazeti ya serikali na ya walowezi hayakuwafikia. Mwaka 1932 akatoa gazeti la pili, Al-Islah, maana yake matengenezo, lililokuwa na Kiarabu na Kiswahili.

Yote mawili hayakudumu muda mrefu. Gazeti la aina hiyo lilitegemea jasho la mtu mmoja na wasomaji wasio na fedha nyingi, na mwaka 1932 Sheikh alishika kazi ya ukadhi wa Mombasa. Hata hivyo, athari yake ilikuwa kubwa kuliko umri wake. Makala za Sahifa zilikusanywa na kuchapishwa upya mwaka 1944 katika kitabu kiitwacho Uwongozi, ambacho kimeendelea kusomwa na vizazi vilivyofuata.

Makala hizo hazikuwa za ibada pekee. Sheikh aliwakaripia watu wake kwa uvivu, kwa kudharau kazi za mikono, kwa kufanya harusi na karamu za gharama kubwa kwa fedha za mkopo, na kwa kuacha mali ya wazee wao itoke mikononi. Alihimiza elimu ya wavulana na wasichana, elimu ya dini na ya dunia. Alitaka Waswahili na Waarabu wa pwani watazame jinsi jamii nyingine zilivyoweka akiba na kusaidiana katika biashara, wajifunze kwao badala ya kuwalaumu.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ulikuwa umeangusha bei za mazao kila mahali. Katika kipindi hicho, mtu aliyeuza shamba lake hakuwa na uhakika wa kupata jingine. Maonyo ya Sheikh yalitolewa wakati ambapo kila mwezi ulikuwa na hasara yake.

Kukusanya yaliyosalia

Pamoja na gazeti, mahakama na darasa, Sheikh Al-Amin aliifanya kazi nyingine ambayo haikuwa na mshahara wala tarehe ya mwisho. Alikusanya habari za Wamazrui na za Mombasa kutoka kwenye nyaraka na kutoka vinywani mwa watu, akazipanga kwa miaka na watawala na kuziandika kwa Kiarabu.

Historia aliyoikusanya ilikuwa nzito. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, iliangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Katika karne iliyofuata, Wamazrui walipewa uliwali wa Mombasa. Nasaba ya Busaidi ilipochukua madaraka Oman katika miaka ya 1740, liwali Muhammad bin Uthman Mazrui alikataa kuitii. Tangu hapo, kwa takriban karne moja, Mombasa ilijiendesha yenyewe, Wamazrui wakitawala kwa kushirikiana na Mataifa Kumi na Mawili ya Waswahili wa mji huo na majirani zao wa Mijikenda.

Uhai wa dola hiyo ndogo ulitegemea chakula. Kisiwa cha Mombasa hakikuweza kujilisha, na ghala lake lilikuwa Pemba, kisiwa chenye mvua nyingi na mpunga mwingi kilichokuwa chini ya Wamazrui. Baada ya kushindwa kwenye vita vya Shela, karibu na Lamu, takriban mwaka 1812, nguvu yao ilianza kupungua. Miaka ya mwanzo ya 1820 majeshi ya Seyyid Said wa Oman yaliwanyang'anya Pemba. Mji wenye ngome imara ulikuwa umepoteza shamba lake.

Mwaka 1824 Wamazrui walijaribu kujiokoa kwa kumwomba Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza awape ulinzi. Bendera ya Uingereza ilipandishwa Mombasa, lakini serikali ya London haikuuridhia mpango huo na mwaka 1826 ulinzi ukaondolewa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliuchukua mji. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, alikamatwa pamoja na wakuu wenzake, wakapelekwa uhamishoni katika Ghuba ya Uajemi. Waliobaki waligawanyika, wengine wakaenda Gazi upande wa kusini, wengine Takaungu upande wa kaskazini, ambako walilima na kufanya biashara ya nafaka.

Ukoo huo haukunyamaza. Mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid wa Gazi aliongoza vita dhidi ya Waingereza. Alishindwa mwaka 1896, akavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Aliishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910. Al-Amin alikuwa mtoto wa miaka minne au mitano vita hivyo vilipotokea. Alikua akiwasikia watu walioviona kwa macho.

Karatasi na shamba

Thamani ya kazi yake inaonekana zaidi mtu anapoitazama sheria ya ardhi ya wakati huo. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya pwani. Kila aliyedai ardhi alitakiwa kufika mbele ya ofisa na kuthibitisha dai lake. Ardhi isiyodaiwa, au ambayo dai lake lilikataliwa, ilihesabiwa kuwa ya serikali.

Sheria hiyo ilimpendelea mwenye karatasi. Mijikenda wengi, waliolima kwa haki ya mila na kuhamisha mashamba kila udongo ulipochoka, walijikuta maskwota kwenye ardhi waliyoijua tangu kwa babu zao. Hata Wamazrui, waliokuwa na nasaba iliyojulikana, hawakusalimika. Madai yao ya upande wa Gazi yaliathiriwa na vita vya Mbaruk. Ya Takaungu yalikubaliwa kwa sehemu, na baadaye ardhi hiyo ikawekwa chini ya wadhamini kwa sheria ya mwaka 1931. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1989, na mabishano kati ya wenye madai na wakazi wanaoilima yaliendelea kwa miaka mingi baadaye.

Hivyo Sheikh Al-Amin alikuwa akiandika historia ya ukoo katika miaka ambayo historia ya ukoo ilikuwa ushahidi. Nani alitawala wapi, nani aliahidiana na nani, mji upi ulihamia wapi na mwaka gani, yote hayo yaliweza kuwa na uzito wa hekta.

Ni haki pia kusema kwamba kitabu chake si mizani isiyoegemea upande. Aliandika kama mtoto wa nyumba, na Wamazrui katika kurasa zake ni mashujaa mara nyingi kuliko wanavyoonekana katika maandishi ya Wazungu au ya upande wa Zanzibar. Waliolima mashamba yao, wakiwemo watumwa, hawakuacha kitabu cha namna hiyo. Wanahistoria hukisoma kwa kukilinganisha na vyanzo vingine. Lakini cha kulinganisha kipo kwa sababu yeye aliandika.

Baada yake

Mwaka 1937 aliteuliwa kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akashika wadhifa huo hadi alipofariki mwaka 1947. Alikuwa na umri wa miaka 56. Muswada wake wa historia ulikuwa haujachapishwa. Ilichukua karibu nusu karne, hadi mwaka 1995, ndipo ulipotolewa na Chuo cha Uingereza cha taaluma, British Academy, ukiwa na tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya J. McL. Ritchie.

Wanafunzi wake waliendeleza njia zote mbili alizozifungua. Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, ambaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu, alianzisha gazeti la Sauti ya Haki katika miaka ya 1970. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar, aliyemfuatia katika ukadhi mkuu wa Kenya, alikusanya habari za masultani na wanazuoni wa Afrika Mashariki, na bila vitabu vyake mengi yasingejulikana.

Funzo kwa wenye ardhi ya mila

Kilomita nyingi kutoka Mombasa, katika kata ya Enguserosambu wilayani Ngorongoro, hakuna ngome wala nyaraka za Kiarabu. Kuna malisho, msitu, vyanzo vya maji na wazee wanaojua nani alinywesha wapi mwaka wa ukame. Hata hivyo, swali ni lile lile alilokabiliana nalo Sheikh: habari hizo zitakuwa wapi wazee hao wakiondoka?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kimila na kuipa uzito sawa na haki ya kupewa hati na serikali. Lakini haki ya mila huthibitishwa kwa maelezo. Kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi, kinapobishana na jirani kuhusu mpaka, au kinapojadiliana na mwekezaji, anayeweza kueleza kwa mpangilio njia za mifugo, maeneo ya kiangazi na majina ya zamani ya mahali huwa na nguvu zaidi mezani.

Wamasai wana nyenzo ambayo Sheikh Al-Amin hakuwa nayo: marika. Kila rika lina jina lake na kipindi chake, na tukio likihusishwa na rika fulani, mwaka wake unaweza kukadiriwa. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi wa Ngorongoro katika miaka ya 1960, aliutumia utaratibu huo katika maandishi yake kupanga historia ya Wamasai kwa miaka. Mwalimu wa shule ya msingi, katibu wa kijiji au kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kufanya hivyo kwa daftari na kalamu, akimhoji mzee mmoja mmoja na kulinganisha majibu, maana mzee mmoja husimulia ya ukoo wake na mwingine husimulia ya wake.

Gharama ya kazi hiyo ni ndogo kuliko bei ya mbuzi mmoja. Sheikh Al-Amin aliifanya baada ya saa za mahakama, kwa miaka mingi, bila kujua kama kuna atakayeichapisha. Magazeti yake yalifungwa, mashamba mengi aliyoonya yasiuzwe yaliuzwa, lakini daftari lake lilibaki.