Annalena Tonelli: Aliyeihamishia hospitali manyattani Wajir

WANAFUNZI wa taaluma ya usimamizi humkumbuka Frederick Taylor, mhandisi Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1915, kwa saa yake ya kupimia kila kitendo cha mfanyakazi. Taylor aliamini kwamba ipo njia moja bora ya kuifanya kazi yoyote ile. Meneja aivumbue, mfanyakazi aifuate. Mmarekani mwenzake, Mary Parker Follett, aliyefariki mwaka wa 1933, alikuja na rai tofauti. Kwake, amri haikufaa kutokana na ukubwa wa anayeitoa, bali na hali halisi ya jambo linaloshughulikiwa.

Mabishano hayo yalizaliwa katika viwanda na ofisi za Marekani. Lakini mojawapo ya majaribio yake magumu zaidi lilifanyika mbali na viwanda, katika mchanga wa Wajir, na aliyelifanya hakuwa meneja wala daktari. Alikuwa mwanasheria wa Kiitaliano.

Annalena Tonelli alizaliwa Aprili 2, 1943 katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia. Alisomea sheria, ila moyo wake ulikuwa kwa maskini wa mji wake, aliowahudumia kwa miaka sita. Mwaka wa 1969 alifika Kenya akiwa mwalimu, na mwaka uliofuata akahamia Wajir, katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Hakuwa mtawa wa shirika lolote, ingawa wengi walimdhania hivyo. Hakupokea mshahara. Fedha za kazi zake zilitoka hasa kwa jamaa na marafiki zake wa Forlì.

Pamoja na wanawake wenzake waliomfuata kutoka Italia, alianzisha mjini Wajir kituo cha kuwahudumia walemavu. Baadaye alijipatia vyeti vya udhibiti wa kifua kikuu nchini Kenya, tiba ya magonjwa ya nchi za joto Uingereza na tiba ya ukoma Uhispania. Kifua kikuu ndicho kilichomshughulisha zaidi maishani.

Wakati huo, matibabu ya ugonjwa huo yalichukua mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, kwa sindano na vidonge. Kwa karani wa Nairobi, muda huo ulikuwa mrefu lakini ungevumilika. Kwa mfugaji wa kuhamahama, ulikuwa kama kifungo. Mvua ikinyesha kwingine, ngamia husonga, na familia husonga nao. Isitoshe, mgonjwa alianza kupata nafuu baada ya wiki chache tu: homa ilitulia, kikohozi kikapungua, hamu ya chakula ikarejea. Akiwa na nguvu za kutembea, angesubiri nini wodini, ndani ya kuta asizozizoea, huku mifugo yake ikiwa mikononi mwa wengine?

Basi aliondoka. Vijidudu vilivyosalia mapafuni vilipata nafasi ya kuongezeka upya, na baadhi viliweza kuwa sugu kwa dawa. Mgonjwa huyo aliwaambukiza watoto waliolala naye katika kibanda kimoja, kisha akarudi hospitalini akiwa hali mahututi, kama alirudi. Kulikuwa pia na aibu. Miongoni mwa Wasomali, kifua kikuu kilionekana kuwa doa kwa ukoo mzima, na wengi waliuficha ugonjwa hadi ukawaua.

Lugha ya kiofisi humwita mgonjwa kama huyo mtoro. Ndilo neno linaloondolea mpango lawama zote. Ukishamwita mtu mtoro, huna haja tena ya kuuliza kama mpango wenyewe ulimfaa.

Mwaka wa 1976, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotafuta mradi wa majaribio wa kuwatibu wafugaji wa kuhamahama, Bi Tonelli alianza upande wa pili wa swali. Aliwakaribisha wagonjwa wapige kambi kwenye uwanja wa mchanga uliokuwa mbele ya kituo chake. Walijenga vibanda vyao vya miti na mikeka kama ambavyo wangejenga popote pale malishoni, wakaishi humo. Dawa mpya, rifampisini ikiwa mojawapo, ziliwezesha tiba kufupishwa hadi miezi sita. Kila siku, mgonjwa alimeza dawa zake mbele ya mhudumu. Kambi hiyo ikajulikana kama manyatta ya TB.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba huo ulikuwa utaratibu wa huruma tupu. Taylor mwenyewe angeipenda nidhamu yake: dozi zilihesabiwa, siku zilihesabiwa na hakuna kidonge kilichoaminiwa kuwa kimemezwa hadi kimezwe hadharani. Tofauti ilikuwa kwamba ukali huo ulielekezwa kwenye dawa tu. Katika makazi, ni hospitali iliyotakiwa kujirekebisha.

Mtindo huo ulienea kutoka Wajir hadi Garissa, yalikokuwa makao makuu ya mkoa, zaidi ya kilomita 300 kusini, na katika maeneo mengine ya wafugaji nchini. Wapo wanaodai kwamba Bi Tonelli ndiye aliyevumbua mkakati wa DOTS, ambao WHO iliueneza duniani katika miaka ya tisini. Huko ni kumvika taji zito kupita kiasi. Kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa kulikuwa kumejaribiwa mapema mjini Madras, India, na mpango wa taifa uliojengwa Tanzania kwa msaada wa Dkt Karel Styblo ndio uliokuwa kielelezo kikuu cha WHO. Sifa ya Wajir ni kuonyesha kwamba hata mtu asiye na anwani anaweza kumaliza dozi.

Februari 1984, kazi hiyo ilikumbwa na msiba. Vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwazuilia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, kwa siku kadhaa bila maji wala chakula. Wengi waliuawa. Bi Tonelli alitoka kuwatafuta manusura na kuzika maiti. Mazoea yake ya kuorodhesha majina sasa yalitumika kuwaandika waliofariki, na orodha hiyo ilifikishwa nje kwa msaada wa Barbara Lefkow, mke wa mwanadiplomasia Mmarekani.

Serikali ilisema waliofariki walikuwa 57. Mwaka wa 2000 ikakiri kuwa walikuwa 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka wa 2013, ilikadiria kwamba walikaribia 1,000.

Kufikia mwaka wa 1985, Bi Tonelli hakutakikana tena nchini. Aliondoka Kenya, akaendelea na kazi ile ile Somalia: Beledweyne, Mogadishu na Merca. Daktari aliyempokea kazi Merca, Graziella Fumagalli, aliuawa hospitalini humo Oktoba 1995. Mwaka uliofuata, Bi Tonelli alianza upya Borama, Somaliland. Huko alijenga hospitali ya kifua kikuu, akaanzisha shule ya viziwi na kuleta madaktari wa upasuaji wa macho. Si wote waliompenda. Walikuwapo wakazi waliolalamika kwamba hospitali yake iliwaletea wagonjwa mjini.

Juni 2003, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilimtunuku tuzo ya Nansen. Miezi minne baadaye, jioni ya Oktoba 5, alipigwa risasi na kuuawa katika ua wa hospitali yake akiwa na umri wa miaka 60. Hospitali hiyo haikufungwa. Wagonjwa waliokuwa katikati ya dozi zao walihitaji kumeza dawa siku iliyofuata, na wahudumu Wasomali aliowafunza ndio walioendelea na kazi.